Ametangulia

Habari za kifo cha mumewe Mama Vifungo alipewa akiwa amemshika mumewe huyohuyo mkono, mbele ya dirisha la benki, saa nne asubuhi.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema msichana wa dirishani huku akirudisha kitambulisho kupitia upenyo wa kioo. "Akaunti ya marehemu imefungwa."

Mama Vifungo aligeuka nyuma. Alidhani anaambiwa mtu mwingine kwenye foleni. Nyuma yake kulikuwa na kijana anachezea simu, na kijana huyo hakuonekana kufiwa.

"Marehemu gani?"

Msichana akasoma jina. Lilikuwa la mumewe, lote mpaka la babu yake, na herufi moja imekosewa kama ilivyokosewa miaka yote.

"Si huyu hapa!" Mama Vifungo akauinua ule mkono alioushika. "Ndiye huyu. Mwangalie."

Msichana alimtazama mzee, akaitazama kompyuta, akamtazama mzee tena. Kwa kweli aliiamini zaidi kompyuta. "Sisi hatumuui mtu, mama. Tunaletewa taarifa tu. Nendeni ofisi ya pensheni."

"Hebu niambie, binti, nimekufa lini?" Mzee Chapa akauliza. Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha chapa cha serikali, katikati ya mashine zinazonguruma, ilikuwa imemzoesha kupaza sauti hata kwa mzaha. Foleni nzima ikamsikia, ikaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Alikuwa anafikiria chupa.

Chupa yenyewe haikufika urefu wa kidole. Mzee Chapa alikuwa mpanga herufi, na kazi ya herufi ilimla macho. Daktari aliita presha ya macho. Haiponi, alisema, ila inazuilika: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, bila kuruka. Ukiruka, kitakachopotea hakirudi. Chupa moja ilitosha mwezi, na bei yake ilimeza theluthi ya pensheni. Mama Vifungo alishona vifungo na kutia viraka kwenye sare za wanafunzi, kazi ya kulipia kodi ya chumba na chakula, basi. Chupa iliyokuwa nyumbani ilibaki na matone ya siku tisa. Alijua kwa sababu ndiye aliyeyadondosha. Mkono wa mzee ulitetemeka, tone likawa linaishia shavuni.

Ofisi ya pensheni ilikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya wastaafu, na madirisha kumi na moja ambayo matatu tu yalikuwa na watu. Dirisha la sita mama mmoja wa masijala, mnene, mwenye mafua, alilitafuta faili mpaka akalipata.

"Huyu amefariki tarehe kumi na saba mwezi wa tatu."

"Tarehe kumi na saba si ndiyo siku ya uhakiki?" Mzee Chapa akasema. "Si ndiyo siku niliyokuja hapa kuonyesha kwamba ni mzima?"

Ndipo Mama Vifungo alipoikumbuka siku hiyo.

Siku ya uhakiki wastaafu huitwa waje kuthibitisha kwamba bado wanapumua, maana serikali haikuamini mpaka ikuone. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imelizunguka jengo. Askari wa mlangoni alimwona Mzee Chapa anapapasa ngazi kwa mguu, akamwonea huruma, akampitisha mapema akakae kwenye chumba cha alama za vidole. Mama Vifungo akabaki kwenye foleni na bahasha ya vyeti. Alipofika mezani kulikuwa na karani kijana, shati jeupe, sauti ya chini, anaandika bila kuinua uso.

"Mhusika yuko wapi?"

"Ametangulia."

Kalamu ikasimama. Karani akainua uso. "Pole sana, mama."

"Nishapoa, mwanangu." Alidhani anapewa pole ya foleni. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na hiyo ndiyo iliyokuwa pole ya kwanza.

"Ni muda mrefu?"

"Ah, si muda."

"Na wewe ndiye mke wa ndoa?"

"Ndiye mimi. Mwaka wa thelathini na nane huu."

"Basi nisikusumbue, mama yangu. Wenzako wanazungushwa miezi. Weka saini hapa. Na hapa. Nakala ya kitambulisho niachie."

Aliweka. Maandishi ya ile fomu yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, na nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Akamwombea kijana dua, awe na mwisho mwema, kwa kuwa wengine wote pale walizungumza na wazee kama wanafukuza kuku.

"Nilisema ametangulia!" Sasa Mama Vifungo alikuwa ameshika nondo za dirisha la sita kwa mikono miwili. "Ametangulia kule ndani! Kwenye chumba cha vidole!"

Mama wa masijala alimtazama kidogo, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akatafuta leso. Benchi la karibu likamuuliza kulikoni, akalieleza, nalo likacheka. "Kiswahili chetu kitatumaliza," alisema mzee mmoja asiye na meno. Hata Mzee Chapa alitabasamu. Kwa dakika moja ilionekana ni jambo la kufutwa kwa kifutio.

Kisha mama wa masijala akafungua ukurasa wa pili, na kicheko kikamkauka.

"Lakini mama, humu kuna cheti cha kifo. Na mkupuo wa mirathi, zile zinazotolewa zote kwa pamoja, ulishatoka. Umelipwa mwezi wa tano."

"Amelipwa nani?"

"Wewe."

Alipotaja kiasi, Mama Vifungo aliomba akirudie. Hajawahi kusikia kiasi kama hicho kikitajwa pamoja na jina lake. Fedha zilikuwa zimeingia katika benki ambayo hajakanyaga hata ngazi zake, na saini ya kuziomba ilikuwa ile ile aliyoweka mezani kwa kijana mpole.

"Na vidole vyangu je?" Mzee Chapa akauliza. Sasa mzaha ulikuwa umemtoka. "Niliweka vidole vyote kumi."

"Siku ile mtandao haukuwepo, mzee. Waliandika kwenye daftari."

"Liko wapi?"

"Linatafutwa."

Labda yule karani alikosea kweli kwanza, akaja kugundua baadaye, akaona riziki imemfuata mezani. Labda alijua tangu neno la kwanza. Mungu ndiye ajuaye. Mama Vifungo aliijua dua yake tu, ile aliyomwombea.

Mama wa masijala alikuwa na roho ya utu. Aliwatolea nakala ya ile fomu kwa siri, akaikunja mara nne kabla ya kuipitisha.

Nyumbani Mzee Chapa aliipeleka dirishani, akaisogeza puani, akaweka kioo cha kukuza. Binti yao alikuwa amekuja kutoka kwenye kibanda chake cha kuchaji simu, mtoto mgongoni, na chupa moja mpya ya dawa aliyoikopea. "Moja tu, Baba. Nyingine sijui," alisema, akaiweka mezani polepole.

"Fomu namba kumi na tisa," mzee alisema kabla hajasoma neno. "Huu mstari mnene wa juu naujua. Hii nimeipanga mimi."

"Inasema nini?" mkewe akauliza.

Ilimchukua muda. "'Mimi niliyesaini hapa chini ni mjane wa marehemu aliyetajwa hapo juu.'" Akashusha kioo. "Fomu hii ilikuja ya kurasa mbili. Tamko la mjane lilikuwa na ukurasa wake, herufi nene, hata kipofu angeliona. Bwana mkubwa mmoja akasema karatasi ni ghali, ikae ukurasa mmoja. Nikachukua herufi ndogo kuliko zote kiwandani. Msimamizi akanisifu mbele ya watu. Akasema, Chapa, wewe ukipewa ng'ombe utamtia kwenye kibiriti."

Mtoto mgongoni alikuwa ananyonya ncha ya kanga ya mama yake.

"Lakini na wewe, mwenzangu," mzee akaanza tena, kwa ukali wa mtu anayejilaumu, "ungesema 'yuko ndani' ungepungukiwa na nini?"

"Mtu akienda mbele ya mwenzake anasemwaje? Ametangulia! Siku ya harusi yetu mama yako aliniambia, 'Bwana harusi ametangulia.' Mbona hatukukuzika?"

Binti alicheka, akaziba mdomo, kisha machozi yakamtoka hapo hapo. "Mama, twende polisi," alisema. "Huu ni wizi mweupe. Wamekula jasho la Baba kwa kalamu yako."

"Tutakwenda kwa mkubwa wao kwanza," alisema Mzee Chapa. Alikuwa bado anaamini ofisi. Mtu hawezi kuzichapia ofisi karatasi miaka thelathini na mmoja halafu asiziamini.

Kumwona huyo mkubwa kulichukua wiki nane. Walipigwa danadana: dirisha la sita liliwatuma la pili, la pili likawatuma la kumi na moja, la kumi na moja halikuwa na mtu. Waliambiwa walete barua ya kuthibitisha uhai. Karani wa mtaa, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao na kuazima nyundo ya Mzee Chapa kila mara, alisema hawezi kuandika barua kama hiyo bila kitambulisho kinachofanya kazi, na kitambulisho cha marehemu hakifanyi kazi. "Si mimi, mzee wangu," alisema. "Ni mfumo." Nyundo hakuirudisha.

Chupa ya binti ikaisha. Mama Vifungo alikwenda duka la dawa na nusu ya bei, akauliza kama anaweza kupimiwa nusu ya chupa.

"Dawa hii haiuzwi kwa kijiko, mama," alisema muuzaji, na wateja wawili wakatazama pembeni kwa adabu. Alitamani wangemcheka.

Siku ya kumi na mbili bila dawa, Mzee Chapa alikigonga kikombe cha chai kilichokuwa upande wake wa kushoto. Hakukiona kabisa. Alijifanya ameteleza. Mkewe akapangusa chai, naye akajifanya ameamini.

Mkuu wa kitengo alikuwa na feni, zulia, na tabia ya kuzungumza na mwanamke peke yake, kana kwamba kiti cha pili hakina mtu.

"Marehemu alistaafu lini?"

"Marehemu yuko hapa," alisema Mzee Chapa.

"Kwenye mfumo, mzee. Nazungumzia kwenye mfumo." Akageuza faili limwelekee Mama Vifungo. "Saini hii ni ya nani?"

Angeweza kusema haijui. Binti alimsihi njia nzima aseme hivyo. Lakini aliitazama, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepinda vilevile anavyoupinda tangu shule ya msingi.

"Ni yangu."

"Umeona." Mkuu akaegemea kiti. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. "Kuna mambo mawili. La kwanza, mzee aandike malalamiko kwamba yu hai. Faili liende kwa wachunguzi. Wachunguzi wataanzia wapi? Kwenye saini. Fedha zimetoka kwa jina la nani? Watakushika kwanza, watauliza baadaye. Mwaka, miaka miwili. Na faili la kesi haliguswi, kwa hiyo malipo hakuna."

"Na yule karani?" Mama Vifungo akauliza. "Mpole, wa shati jeupe?"

"Alishahama pale. Alipandishwa cheo." Mkuu alifungua kichupa cha peremende, hakuwakaribisha. "La pili. Mjane ana haki ya pensheni ya kila mwezi. Nusu ya ile ya marehemu, miezi thelathini na sita. Hiyo hakuna aliyeidai bado. Ukiomba leo, mwezi ujao unalipwa."

Waliokula walikula mkupuo. Vijisenti vya kila mwezi havikuwa hadhi yao.

"Na baada ya miezi thelathini na sita?"

"Baada ya hapo, mama, Mungu ni mkubwa."

Mzee Chapa alisogea mbele ya kiti. "Kwa hiyo, bwana mkubwa, ili mimi niwe hai, mke wangu awe mwizi. Na ili yeye awe mtu safi, mimi niwe maiti."

"Sijasema hivyo, mzee." Mkuu wa kitengo akafunga faili. "Na kusema kweli, mimi leo sijakuona hapa."

Jioni hiyo Mama Vifungo hakushona. Alikaa kwenye kigoda, uzi mdomoni, sindano mkononi, bila kuvikutanisha.

"Kesho naandika hayo malalamiko," alisema mwishowe. "Wanifunge. Sikuiba kitu cha mtu."

"Ukifungwa, nani atanidondoshea dawa?"

"Binti yako."

"Binti yangu ana mtoto na kibanda. Na hiyo dawa itanunuliwa na nini?"

Nje watoto walikuwa wanapigana kwa ajili ya mpira, na mama mmoja anawatisha kwa sauti isiyotisha.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema mzee. "Mimi sipo. Wewe upo. Basi tuchukue lako."

"Nusu!"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Usiniletee methali, mzee, nitakurushia hii sindano. Wanataka niseme umekufa. Kwa mdomo wangu huu. Halafu nirudi nikupikie?"

Mzee Chapa alimtafuta kwa uso, akageuza kichwa mpaka akamweka kwenye lile jicho la kulia lililobaki na uhai. "Lakini wewe hukusema hata siku moja kwamba nimekufa. Hilo walisema wao. Wewe kaseme kile kile ulichosema mara ya kwanza."

Alitaka kucheka kidogo, ikashindikana. Mkewe alimgeuzia mgongo akalia kwa hasira, hasira tupu, maana huzuni angeweza kuivumilia. Miaka thelathini na nane hakumdanganya mtu hata bei ya kifungo.

Kesho yake alivaa gauni jeusi la msiba wa dada yake. Mzee Chapa naye akavaa viatu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Siwezi kukaa nyumbani peke yangu nikingoja kufa," alisema, na huo ukawa mzaha wake wa mwisho siku hiyo. Akakubali tu kubaki nje, kwenye ukuta wa jengo, pale penye kivuli.

Dirisha la mirathi lilikuwa jipya, la kioo kisafi. Nyuma yake alikaa karani mpole. Ndiko alikopandishiwa cheo. Shati lilikuwa jeupe vilevile, ila sasa alikuwa na saa ya dhahabu iliyomlegea mkononi, na akawa anaipandisha kila mara.

Walitazamana. Mama Vifungo alikuwa na maneno aliyokuwa ameyapanga tangu ile siku ya dirisha la sita, maneno ya kumvua mtu nguo. Aliyasikia yakipanda. Kisha akaikumbuka ile chai ikitiririka mezani, akayameza moja moja.

"Mhusika?" karani akauliza. Alikuwa ameshainamisha uso kwenye fomu.

Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wake asubuhi hiyo ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Ametangulia," alisema.

"Pole sana, mama."

Safari hii hakujibu. Karani alingoja kidogo, kisha akageuza fomu imwelekee, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa.

"Kuna sharti moja. Nakusomea mwenyewe kwa sababu herufi zake ni ndogo." Alisoma vizuri, taratibu, kwa sauti yake ileile ya chini. "'Mjane akiolewa, au akibainika anaishi na mwanamume, malipo yatakoma, na yote aliyolipwa yatadaiwa.' Umeelewa, mama? Siku hizi tunatuma watu mitaani. Wanauliza kwa majirani, wanaangalia nani anaingia, nani anatoka. Udanganyifu umezidi sana."

Mama Vifungo alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anafanya kazi yake.

Akasaini. Mkia wa herufi ya mwisho ukapinda kama kawaida.

Nje jua lilikuwa limeshakila kivuli. Mzee Chapa alikuwa ameegemea ukuta, uso juu. Alizitambua hatua za mkewe kabla hajamfikia, kama anavyozitambua kila siku, akanyoosha mkono ashikwe. Mbele yao kulikuwa na mtaro ulio wazi, na upande wake wa kushoto hakuona kitu.

Nyuma ya Mama Vifungo mlango ulifunguka. Karani mpole alitoka na mwenzake, wakasimama juu ya ngazi, mwenzake akiwasha sigara. Karani alipandisha saa yake mkononi na kutazama barabarani.

Mkono wa mzee ulikuwa bado uko hewani, vidole vimefunguka, vinangoja.

"Tangulia," alisema Mama Vifungo kwa sauti ndogo.

"Umesemaje?"

"Tangulia, mzee. Nakuja."

Mzee Chapa alisimama kidogo, kichwa kimeinama upande, mpaka likamwingia. Akashusha mkono. Akauweka ukutani, akaanza kwenda, akipapasa tofali baada ya tofali, mguu mmoja ukiutafuta mtaro kabla ya kukanyaga. Mkewe alisimama na mkoba wake kifuani, akahesabu hatua ishirini za mumewe, ndipo akamfuata kama mtu asiyemjua.